Bwana Mwema na Mipaka ya Wema: Skwaya katika Fasihi na Jamii ya Uingereza

Katika falsafa ya maadili kuna swali la kale ambalo kila kizazi hulirudia kwa namna yake: mtu aliyepewa uwezo mkubwa juu ya maisha ya wenzake, akiwa mwadilifu, mkarimu na mcha Mungu, je, anahitaji tena mtu wa kumhoji? Wapo wanaojibu kwamba hahitaji, kwa kuwa sheria na mabaraza viliwekwa kuwazuia waovu, na mwema hana cha kuzuiliwa. Na wapo wanaoona kwamba jibu hilo lenyewe huzaa dhuluma ya aina ya pekee, ile ambayo anayeitenda haijui na kwa hiyo haijutii. Fasihi ya Uingereza na historia ya vijiji vyake vimelichunguza swali hili kwa karne kadhaa kupitia mtu mmoja, skwaya, yaani bwana mwenye ardhi aliyekaa kijijini miongoni mwa wapangaji wake, akawa mmiliki wao, hakimu wao na mlezi wa kanisa lao kwa wakati mmoja. Skwaya mbaya, mlevi na mkali, ni rahisi kumlaani, na kumlaani hakumfundishi msomaji mengi. Aliye mgumu kumwelewa, na ambaye swali hili linamhusu hasa, ni skwaya mwema.

Kwa asili skwaya hakuwa bwana bali mtumishi. Katika Enzi za Kati jina hilo lilimtaja kijana aliyembebea ngao naiti, yaani askari wa farasi wa daraja la heshima aliyekula kiapo cha utumishi kwa mtawala wake; kijana huyo alitunza silaha na farasi, akamvika bwana wake deraya, na kwa kufanya hivyo akajifunza adabu ya vita mpaka naye apandishwe cheo. Geoffrey Chaucer, ambaye mwenyewe alikuwa na cheo hicho katika nyumba ya mfalme, alimweka skwaya wa namna hiyo katika Hadithi za Canterbury mwishoni mwa karne ya 14: kijana wa miaka kama 20, mpenda nyimbo na mavazi ya kutariziwa, ambaye pamoja na madaha yake ya ujana husimama mezani akamkatia baba yake nyama. Baadaye gharama za unaiti ziliwafanya wana wengi wa koo zenye mali wabaki maskwaya maisha yao yote, cheo kikaacha kuwa hatua ya mafunzo kikawa daraja la kijamii, na kufikia karne ya 17 na ya 18 watu wa kijijini walipomtaja skwaya walimkusudia mwenye shamba kubwa kuliko yote na nyumba kubwa kuliko zote. Aliyekuwa akimkatia mwenzake nyama akawa ndiye anayekatiwa. Hata hivyo dhana ya utumishi haikutupwa, bali iligeuzwa: ilidaiwa kwamba kumiliki kwenyewe ni kutumikia, kwamba mwenye ardhi ni mdhamini aliyewekwa na Mungu kuwaangalia wasio na ardhi, na kwa dai hilo heshima ya mtumishi ikaendelea kuupamba ukuu wa bwana.

Uwezo wa skwaya ulisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ilikuwa ardhi, kwa sababu wakulima walilima mashamba yake kwa kodi na vibarua waliishi katika nyumba zake, hivyo neno lake lilitosha kumwondoa mtu kijijini. Ya pili ilikuwa sheria: tangu sheria ya mwaka 1361, utawala wa Uingereza uliwateua wenye mali wa kila wilaya kuwa walinzi wa amani, yaani mahakimu wasiolipwa mshahara, na kuanzia mwaka 1732 ilitakiwa kwamba mlinzi wa amani awe na ardhi inayomwingizia angalau pauni 100 kwa mwaka. Mahakimu hao waliwahukumu wezi wadogo na wazururaji, wakatoa leseni za vilabu vya pombe, wakasimamia barabara, madaraja na posho za maskini, na mara nne kwa mwaka wakakutana katika vikao vilivyokuwa mahakama na serikali ya mkoa kwa pamoja. Nguzo ya tatu ilikuwa kanisa, kwa kuwa katika parokia nyingi haki ya kumpendekeza kasisi ilikuwa mali ya mwenye shamba, ikirithiwa na kuuzwa kama mali nyingine, na kasisi aliyeipata nafasi yake kwa njia hiyo alijua ni nani aliyempa riziki. Kila nguzo peke yake ilikuwa na mpaka wake, lakini zilipokutana katika mtu mmoja mipaka hiyo ilififia, kwa sababu mpangaji aliyeonewa na mwenye nyumba alipaswa kumshtakia mwenye nyumba yuleyule, kisha Jumapili akae kumsikiliza kasisi aliyechaguliwa naye.

Jinsi nguzo hizo zilivyofungamana huonekana wazi katika jambo dogo, yaani ndege anayeitwa kwale. Sheria ya mawindo ya mwaka 1671 iliwaruhusu kuwinda kwale, sungura na ndege wengine wa mawindo wale tu waliokuwa na ardhi ya kudumu yenye pato la pauni 100 kwa mwaka, au ya kukodi yenye pato la pauni 150, au waliokuwa warithi wa skwaya au wa mtu wa cheo cha juu zaidi. Mkulima ambaye kwale walikuwa wakila nafaka yake hakuruhusiwa kumuua hata mmoja, na akikamatwa na mtego alifikishwa mbele ya mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa mwenye haki ya kuwinda mahali hapo. Mwanasheria William Blackstone, ambaye hakuwa mpinzani wa utawala wa nchi yake, alitanabahisha kwamba mali iliyotakiwa ili mtu aruhusiwe kuua kwale ilikuwa mara 50 ya ile iliyotakiwa ili ampigie kura mbunge wa mkoa wake, maana kwa kura ilitosha ardhi ya shilingi 40, yaani pauni mbili. Sharti hilo la mali lilidumu mpaka mwaka 1831.

Mpangilio wa namna hii haukudumu kwa nguvu peke yake. Ulikuwa na teolojia yake. Katekisimu ya Kanisa la Uingereza, iliyofundishwa kwa watoto wa kila parokia, ilimtaka Mkristo awanyenyekee waliomzidi cheo na atimize wajibu wake katika hali ambayo Mungu atapenda kumwita. Robert Filmer, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1680 baada ya kifo chake, alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba mamlaka yote ya kisiasa ni urithi wa ubaba aliopewa Adamu, kiasi kwamba mfalme ni baba wa taifa kwa maana halisi. Na ingawa hoja yake ilimhusu mfalme, haikuwa vigumu kwa mwenye shamba kujiona baba wa kijiji kwa kipimo kilekile. Picha ya ubaba huo iliyopendwa kuliko zote ilichorwa na Joseph Addison na Richard Steele katika jarida la The Spectator mwaka 1711, walipombuni Sir Roger de Coverley, bwana mzee mwenye moyo mwema ambaye watumishi wake huzeeka naye na majirani wote humpenda. Sir Roger kanisani ni kiroja kinachofaa kutazamwa kwa karibu: amewagawia waumini vitabu vya sala na mito ya kupigia magoti, hamruhusu mtu yeyote asinzie ila yeye mwenyewe, na wenzake wakiwa wamepiga magoti yeye husimama kuwahesabu wapangaji wake ili ajue nani hakuja.

Waandishi hao walikusudia msomaji atabasamu kwa mapenzi, na msomaji hutabasamu kweli. Lakini swali la kidini lililofichwa katika kiroja hicho ni zito. Anayesimama wakati wa sala akihesabu watu amejitwalia, bila kujua, nafasi ya anayesaliwa. Waumini waliokuja kanisani kwa sababu skwaya anahesabu hawawezi kutofautishwa na waliokuja kwa sababu wanamcha Mungu, na pengine wao wenyewe hawawezi kujitofautisha, hivyo wema wa bwana umechukua kutoka kwao jambo moja ambalo dini haiwezi kulikosa, nalo ni hiari. Addison mwenyewe aliigusa hatari hiyo alipotaja kijiji jirani ambamo skwaya na kasisi wamegombana, skwaya akaacha kwenda kanisani, na wapangaji wake wote wakawa makafiri na wezi wa zaka kwa kumfuata. Imani iliyoegemea uso wa bwana ilihama uso huo ulipogeuka. Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya pili, uliwakemea Wakristo wa kwanza kwa kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame. Makanisa mengi ya vijijini Uingereza yalimjengea skwaya kizimba chake cha mbao chenye mlango, na baadhi ya vizimba hivyo vikawekewa hata meko ya kuota moto, huku waraka huohuo ukisomwa mbele yake.

Mwandishi aliyelichimba suala hili kwa kina zaidi ni Henry Fielding, ambaye riwaya yake ya Tom Jones ilitoka mwaka 1749, muda mfupi baada ya yeye mwenyewe kuteuliwa kuwa mlinzi wa amani huko Westminster. Riwaya hiyo ina maskwaya wawili waliowekwa bega kwa bega ili wapimane. Allworthy ni tajiri mjane, mpole, mwenye hekima na sadaka nyingi. Western, jirani yake, ni mpiga kelele, mlevi, mpenda mbwa wa kuwindia kuliko watu, anayemfungia binti yake Sophia chumbani ili amlazimishe kuolewa na mtu asiyempenda. Wasomaji wengi hudhani kwamba Fielding amewaweka pamoja ili kuonyesha skwaya anavyopaswa kuwa na asivyopaswa kuwa. Ukifuatilia hukumu wanazotoa, hata hivyo, hesabu inakuja kinyume: aliyewadhuru watu wengi zaidi kwa uamuzi wake wa kihakimu ni Allworthy.

Usiku mmoja Allworthy anarudi kutoka London na kukuta kitandani mwake mtoto mchanga, atakayeitwa Tom, aliyeachwa na mama asiyejulikana. Mtunza nyumba wake, Deborah Wilkins, anashauri mtoto atiwe katika kikapu na kuwekwa mlangoni pa mzee wa kanisa, ingawa nje kuna mvua na upepo. Mtoto ameshika kidole cha Allworthy, moyo wa bwana umelainika, naye anaamuru mtoto atunzwe. Na papo hapo Deborah anamkumbatia kiumbe yuleyule, anamsifu kuwa mtoto mzuri, na kuondoka naye kwenda chumbani kwake. Tukio hilo ni dogo lakini limebeba riwaya nzima, kwa sababu linaonyesha hali ya maarifa ambamo bwana mwema anaishi. Deborah hakubadili fikra, alibadili uso. Na Allworthy, ambaye wema wake umemwokoa mtoto, hana njia ya kujua kwamba sauti anayoisikia ni mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Waswahili husema kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu, na anayebusiwa mkono kutwa nzima hatimaye huamini kwamba anapendwa na wote.

Kutoka hapo makosa yanafuatana. Mwalimu Partridge anashtakiwa kuwa ndiye baba wa mtoto, na shahidi mkuu dhidi yake ni mke wake mwenye wivu, ambaye ushahidi wake, kama Fielding anavyokumbusha kwa kejeli, mahakama ya sheria isingeupokea kabisa. Allworthy anaupokea, anamwondolea mwalimu posho yake ya mwaka, na mtu asiye na hatia anaangamia. Baadaye Partridge akiwa katika dhiki anapata msaada kwa siri, na msimulizi anamwachia msomaji aamini kwamba ulitoka kwa Allworthy mwenyewe, kwa hiyo mdhulumiwa anapokea sadaka kutoka mkono uliomdhulumu. Katika kisa kingine Allworthy anatia sahihi hati ya kumpeleka msichana Molly Seagrim katika nyumba ya kurekebishia tabia, gereza la wakosaji wadogo, na hapo msimulizi anasita: anakiri kwamba mwanasheria angesema hakimu amevuka mamlaka yake, kwa kuwa hakukuwa na shtaka lililofunguliwa rasmi, kisha anaomba Allworthy asamehewe katika mahakama ya dhamiri kwa sababu nia yake ilikuwa njema. Msamaha huo unapaswa kusomwa kwa makini. Fielding, hakimu aliyeijua sheria, anatenganisha waziwazi mahakama mbili: katika ile ya dhamiri nia ni utetezi, lakini katika ile ya sheria Molly angekuwa gerezani vilevile, na nia njema ya aliyemfunga isingempunguzia hata siku moja.

Mizani ya Fielding inakamilika anapomgeukia Western. Dada yake Western anamtaka amtie gerezani Honour, kijakazi wa Sophia, kwa kosa la kumtolea maneno ya kiburi, na Western, ambaye hana dhamiri ya kumsumbua, angefanya hivyo mara moja. Anayemzuia ni karani wake, mtu anayejua sheria kidogo, ambaye anamwonya kwamba hana mamlaka hayo. Na Western anasikia, si kwa huruma, bali kwa sababu ameshafikishwa mara mbili mbele ya Mahakama ya Mfalme kwa kutumia vibaya ofisi yake na hatamani mara ya tatu. Hivyo kijakazi wa skwaya mbaya anabaki huru kwa kuwa juu ya skwaya huyo kuna mtu wa kumwuliza, wakati mwalimu aliyehukumiwa na skwaya mwema anapotea kwa kuwa sifa za hakimu wake zimemfanya aonekane hahitaji kuulizwa. Ndani ya kichekesho hicho mna nadharia kamili ya siasa: kinachomlinda mnyonge ni mpaka unaomzuia mwenye nguvu, na mpaka hulinda hata pale ambapo wema haupo.

Fielding hakuacha dini na falsafa zitazame tu mambo haya kwa mbali, aliziketisha mezani. Nyumbani kwa Allworthy wanaishi walimu wawili, Thwackum, kasisi ambaye hazungumzi ila juu ya neema na adhabu, na Square, mwanafalsafa ambaye kila jambo hulipima kwa ulinganifu wa milele wa mambo yalivyo. Wanabishana kila siku juu ya chanzo cha wema, na wote wawili wanakula kwa gharama ya skwaya, wanamsifu mpwa wake mnafiki Blifil, na wanamchongea Tom. Mwishoni mwa riwaya Allworthy anapokea barua mbili karibu kwa wakati mmoja. Square, akiwa mgonjwa anayekabili kifo, anakiri kwamba Tom alionewa. Thwackum anaandika kwa kiburi kilekile cha siku zote na kukumbushia nafasi ya ukasisi anayoitamani. Mwanafalsafa alisema kweli pale tu alipokuwa hana tena cha kupata kwa bwana wake, na kasisi aliyekuwa bado na cha kupata hakuisema hata wakati huo. Hoja ya Fielding haikuwa kwamba dini au falsafa ni uongo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwumini. Ni kwamba ukweli hauwezi kutarajiwa kutoka kwa watu ambao mkate wao unategemea kumpendeza anayeambiwa.

Kile ambacho riwaya ilionyesha kwa visa, wanafalsafa walikisema kwa hoja. John Locke, katika Risala yake ya Pili juu ya Utawala iliyotoka mwaka 1689, aliukubali msemo kwamba tawala za wafalme wema ndizo zilizokuwa hatari zaidi kwa uhuru wa raia zao, akaeleza sababu yake: watu humwachia mfalme mwema avuke mipaka kwa kuwa anaivuka kwa faida yao, kisha anayemrithi huudai uhuru uleule wa kuvuka kama haki ya kiti chake. Immanuel Kant, mwaka 1793, alisema kwamba serikali inayowatendea raia kama baba anavyowatendea watoto wasiojua la kuwafaa ndiyo udhalimu mkubwa kuliko wote unaoweza kufikiriwa, hata ikiwa imejaa ukarimu, kwa sababu inawanyima watu haki ya kutafuta furaha yao kwa njia wanayoiona wao. Na mwishoni mwa karne ya 20 Philip Pettit alilipa wazo hilo umbo jipya alipotofautisha kuingiliwa na kutawaliwa: mtumwa wa bwana mpole haingiliwi katika mambo yake, lakini hayuko huru, kwa kuwa upole wa bwana ni hiari ya bwana na unaweza kuondolewa asubuhi yoyote bila sababu. Kwa kipimo hicho mpangaji wa Allworthy na mpangaji wa Western wako katika hali moja, ingawa maisha ya mmoja ni matamu zaidi.

Historia ya nje ya vitabu ilitoa mifano yake. Tarehe 6 Mei 1795, katika mwaka wa njaa na bei kubwa za ngano, mahakimu wa Berkshire walikutana katika nyumba ya wageni huko Speenhamland. Walikuwa wameitwa wafikirie kupanga mishahara ya vibarua, lakini waliamua kutoipanga, na badala yake wakatengeneza jedwali la posho iliyopanda na kushuka kulingana na bei ya mkate na idadi ya watu katika familia. Hakuna sababu ya kutilia shaka huruma yao, na familia nyingi zilikula kwa sababu yake. Lakini uamuzi huo ulimgeuza mtu aliyestahili ujira kamili kwa kazi yake kuwa mpokea msaada, na ulimruhusu mwajiri aendelee kulipa kidogo huku parokia ikijaza pengo. Wakati huohuo ardhi za pamoja, ambako maskini walilishia ng'ombe na kuokota kuni, zilikuwa zikizungushiwa ua na kuwa mali binafsi kwa sheria za Bunge, ambazo kati ya mwaka 1604 na 1914 zilizidi 5,200 na kugusa takriban ekari milioni 6.8. Mnyang'anywa malisho aliyepewa mkate alipata sadaka badala ya haki, na tofauti ya vitu hivyo viwili ni kwamba haki hudaiwa, ilhali sadaka hushukuriwa.

Hata hivyo upande wa pili wa hoja haupaswi kupuuzwa, kwa kuwa wapo wenye fikra nzito walioutetea. Edmund Burke, mwaka 1790, alishikilia kwamba jamii inahitaji watu ambao mali na heshima zao zimefungamana na mahali kwa vizazi, kwa sababu watu hao hufikiri juu ya wajukuu wakati mtawala wa kupita hufikiri juu ya leo. Skwaya aliyekaa kijijini aliwajua wapangaji wake kwa majina, alijua nani ameugua na paa la nani linavuja, na aibu ya kusemwa vibaya kanisani ilikuwa na uzito kwake. Bwana aliyeishi London na kukusanya kodi kupitia wakala hakuwa na aibu hiyo, na afisa wa serikali aliyekuja baadaye na fomu zake mara nyingi hakuwajua watu kabisa. Hili ni kweli, na ni hasara halisi. Lakini kinachosifiwa katika hoja hii ni ukaribu na ujuzi wa mtu kwa mtu, na hakuna lolote katika ukaribu linalohitaji kwamba aliye karibu awe pia mwenye nyumba, hakimu na mteuzi wa kasisi. Jirani anaweza kujua paa la nani linavuja bila kuwa na uwezo wa kumfukuza aliye chini yake.

Waliolijibu swali hili kwa vitendo walikuwa vibarua wenyewe, na jibu lao lilianzia kanisani. Joseph Arch, aliyezaliwa mwaka 1826 huko Barford katika mkoa wa Warwickshire, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1898 jinsi alivyochungulia kwa tundu la ufunguo akiwa mtoto ili aone ushirika mtakatifu, akamwona skwaya akienda kwanza kwenye meza ya Bwana, kisha wakulima wenye mashamba, kisha wenye maduka na mafundi, na mwisho kabisa vibarua katika makoti yao ya kazi, wakipiga magoti peke yao. Arch alikua akawa mhubiri katika kanisa la Kimethodisti la Primitive, ambamo kibarua angeweza kupanda mimbarini, na mwaka 1872 akawahutubia vibarua wenzake huko Wellesbourne na kuongoza chama chao cha wafanyakazi wa mashambani. Mwaka 1884 vibarua wa vijijini walipewa kura, na mwaka uliofuata Arch aliingia Bungeni. Sheria ya mwaka 1888 ilihamishia sehemu kubwa ya kazi za utawala za mahakimu kwenye mabaraza ya mikoa yaliyochaguliwa, na ile ya mwaka 1894 ikaanzisha mabaraza ya parokia. Watu waliohubiri walipata mazoezi ya kusema, na waliopata mazoezi ya kusema mbele ya Mungu waliacha kunong'ona mbele ya skwaya.

Mfumo uliokuwa ukidhoofika Uingereza ulipelekwa ng'ambo, na Afrika Mashariki iliuonja. Lord Delamere, mrithi wa mashamba ya Cheshire, alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903, akawa kiongozi wa walowezi waliotaka kujenga katika nyanda za juu za Kenya jamii ya mabwana wenye ardhi. Na amri ya mwaka 1918 iliwalazimisha Waafrika walioishi kwenye mashamba hayo, waliojulikana kama maskwota, kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Tamko la serikali ya Uingereza la mwaka 1923, lililotolewa chini ya Waziri wa Makoloni, Duke wa Devonshire, mmoja wa wenye ardhi wakubwa wa nchi yake, lilisema kwamba maslahi ya Waafrika yatangulizwe na kwamba Uingereza ni mdhamini wao. Udhamini huo ulikuwa lugha ileile ya ubaba wa kijijini, na ulikuwa na kasoro ileile, kwa kuwa aliyedhaminiwa hakuwa na mahali pa kumshtaki mdhamini wake.

Hitimisho linalotokana na haya halimshushii mwema hadhi yake. Wapo wanaodhani kwamba kumwekea mtu mwadilifu mtu wa kumhoji ni kumtilia shaka, na kwa hiyo ni kumtukana. Lakini dini zinazofundisha toba zina sababu ya kufikiri kinyume. Toba huanza kwa mtu kulijua kosa lake, na Allworthy, ambaye moyo wake ulikuwa tayari kutubu wakati wowote, aliishi miaka mingi bila kujua kwamba amemwangamiza Partridge, kisha akamfukuza Tom bila kujua kwamba ni mpwa wake wa damu, mwana wa dada yake mwenyewe. Ukweli ulimfikia kwa bahati: mgonjwa mmoja aliogopa kufa na siri, mwanamke mmoja akajitokeza kusema aliyoyajua, wakili mmoja akabanwa kwa maswali. Kama mambo hayo yasingetukia, mtu mwema angekufa akiwa na dhuluma mikononi na amani moyoni. Mpangaji mwenye haki ya kukata rufaa, karani anayethubutu kusema hapana, na kasisi ambaye riziki yake haitoki kwa anayemhubiria, wanamlinda mnyonge dhidi ya bwana. Lakini pia wanamfanyia bwana jambo ambalo wema wake peke yake hauwezi kumfanyia, maana bila wao hana njia ya kuaminika ya kujua kwamba amekosa, na asiyejua kwamba amekosa hawezi kutubu hata akitaka.